Mwanamke afungashe nini anapokwenda likizo nje ya nchi: mwongozo wa msimu kwa msimu

Wengi wetu huanza kufungasha kwa kufungua kabati, na begi huharibika hapo hapo. Kabati hukuonyesha nguo unazozipenda. Halikuambii kule uendako alfajiri kuna nyuzi ngapi, wala kama hoteli iko juu ya kilima chenye ngazi mia. Mwongozo huu unaanzia kwenye ramani na kalenda, unapita kwenye mizani, halafu ndipo unafika kabatini.

Msimamo wangu ni kwamba huhitaji begi la baridi, begi la joto na begi la mvua. Unahitaji msingi mmoja wa nguo unaokaa uleule mwaka mzima, kisha unabadilisha kinachovaliwa chini yake, kinachovaliwa juu yake, na viatu. Ukishaupata msingi huo, kufungasha hakuchukui jioni nzima.

Hatua ya 1: Jua hali ya hewa ya siku zako, usitegemee jina la msimu

Kaskazini mwa ikweta, majira ya joto ni Juni hadi Agosti na baridi ni Desemba hadi Februari. Kusini mambo hugeuka: Julai ni baridi Cape Town, Sydney na Buenos Aires, na Krismasi ya Australia huliwa ufukweni. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba msimu mmoja una sura nyingi. Julai ya Dubai hupita nyuzi 40, ilhali Julai ya London huweza kukaa kwenye nyuzi ishirini na kitu, tena na manyunyu.

Mwinuko nao una lake. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Cusco, kule Peru, uko kwenye ukanda wa joto ukiutazama ramanini, lakini mji umekaa kwenye mita takriban 3,400, na usiku wa Juni hukaribia sifuri. Anayefungasha kwa kuangalia latitudo peke yake atalala na koti.

Kwa hiyo andika mambo manne kwa kila mji utakaolala: joto la juu la mchana, joto la chini la usiku, idadi ya siku za mvua kwa mwezi huo, na upepo. Joto la chini ndilo linalochagua koti. La juu linachagua blauzi. Wastani wa miaka iliyopita utakusaidia unapopanga safari. Utabiri wa siku zenyewe uangalie siku tatu au nne kabla ya kuondoka, usahihishe.

Angalia pia saa za mwanga. Desemba, Stockholm jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Maana yake ni kwamba matembezi yako mengi yatakuwa gizani na kwenye barafu, na viatu lazima vilijue hilo.

Ukimaliza, andika shughuli za kila siku kwa maneno machache tu: makumbusho, ufuo, chakula cha jioni cha heshima, kupanda mlima. Nguo isiyo na siku yake kwenye karatasi hiyo inabaki nyumbani. Ile ya "huenda ikatokea sherehe" ndiyo ya kwanza kubaki.

Hatua ya 2: Chagua begi kabla ya nguo

Soma tiketi yako kwanza. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi la kupakiwa katika daraja la kawaida, na begi moja likizidi kilo 32 mara nyingi hukataliwa kabisa hata kama uko tayari kulipa, kwa sababu kuna mtu atakayelinyanyua kwa mikono. Begi la kuingia nalo ndani huwa kati ya kilo 7 na 10, lenye vipimo vya karibu sentimita 55 kwa 40 kwa 20. Tiketi za bei nafuu mara nyingi hazina begi la kupakiwa hata moja. Kama safari ina mashirika mawili, fuata masharti ya lile kali zaidi.

Pima begi likiwa tupu. Sanduku kubwa gumu laweza kula kilo nne au tano kabla hujaweka hata soksi. Mimi napendelea la ukubwa wa kati, lenye magurudumu manne, na lenye nafasi ya robo inayobaki wazi siku ya kuondoka. Robo hiyo itajaa yenyewe kabla ya kurudi.

Halafu lijaribu. Lipakie, libebe ngazi mbili za jengo bila kupumzika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ni wako, na stesheni nyingi za treni duniani hazina lifti pale unapoihitaji.

Hatua ya 3: Msingi wa nguo

Kwa likizo ya siku kumi, ukikubali kufua mara moja katikati, msingi unaotosha ni huu:

- blauzi na fulana tano, mbili kati yake za mikono mirefu
- suruali mbili, moja ya kitambaa chepesi cheusi au bluu ya giza
- sketi moja inayopita magoti
- gauni moja lisilokunjamana, linalokubali kuvaliwa mchana na raba na usiku na hereni
- sweta jepesi moja la vifungo
- mtandio mkubwa mmoja
- chupi nane, sidiria tatu (moja ya mazoezi), soksi jozi tano
- nguo za kulala ambazo huoni aibu kuonekana nazo king'ora cha moto kikilia hotelini

Kanuni ni moja: kila nguo ya juu iendane na kila nguo ya chini. Blauzi tano kwa nguo tatu za chini ni mavazi kumi na matano, na bado hujagusa gauni. Ili hilo liwezekane, chagua rangi mbili tulivu na moja ya kuchangamsha. Blauzi yenye maua makubwa inayoendana na sketi moja tu ni abiria asiyelipa nauli.

Kitambaa nacho kina tabia zake. Pamba ni laini lakini ikiloa hukaa imeloa. Kitani hupitisha hewa vizuri kuliko vingi, ila hukunjamana ukikaa tu. Poliesta hukauka usiku mmoja bafuni lakini hushika harufu ya jasho. Sufu nyembamba ya merino ni ghali, ila huvaliwa siku kadhaa bila kunuka, na hilo hupunguza nusu ya fulana zako. Kujua kama nguo itakunjamana, finya pindo lake ndani ya ngumi kwa nusu dakika, uachie. Mikunjo ikibaki, fikiria mara mbili.

Mtandio nimeutaja mmoja, lakini uchague kwa makini, kwa sababu hakuna kitu begini kinachofanya kazi nyingi kama huo. Uwe na urefu wa karibu mita mbili, upana wa kufunika mabega yote mawili, na usiwe wa kuteleza. Ndani ya ndege ni shuka. Kwenye kanisa au msikiti unafunika kichwa na mabega. Ufuoni unajifunga kiunoni. Kwenye treni yenye kiyoyozi kikali unauzungusha shingoni mara mbili, na ukilala unaukunja chini ya shavu. Rangi ya giza haionyeshi madoa ya chai.

Hatua ya 4: Nyongeza za kila msimu

*Majira ya baridi*

Hapa ndipo pesa na nafasi nyingi hupotea. Anayetoka nchi ya joto hudhani dawa ni sweta moja zito kupita yote. Siyo. Barabarani kuna nyuzi tano chini ya sifuri. Unaingia dukani, kuna nyuzi ishirini na mbili. Baada ya dakika tano jasho linatiririka mgongoni. Unataka kuvua lile sweta, unakumbuka chini yake umevaa fulana ya kulalia iliyochakaa. Unavumilia, unatoka nje umeloa jasho, na jasho likikutana na upepo ndipo baridi ya kweli inapoingia.

Jibu ni tabaka tatu. La kwanza hugusa ngozi: fulana na taiti nyembamba za sufu au za kitambaa cha michezo, kazi yake ni kuondoa jasho mwilini. Pamba haifai hapa. La pili hutunza joto: sweta la sufu au jaketi jepesi lenye manyoya laini ndani. La tatu huzuia upepo na maji: koti refu linalofika chini ya nyonga, lenye kofia. Kila tabaka liwe la kuonekana mbele za watu, maana siku nzima utakuwa unavua na kuvaa.

Taiti za sufu chini ya suruali ya kawaida zina joto kuliko jinzi nene peke yake, na hukuruhusu kuvaa lile gauni moja hata theluji ikianguka. Jinzi ikiloa theluji huwa nzito na huchukua siku nzima kukauka, kwa hiyo isiwe suruali yako kuu. Ongeza kofia ya sufu inayofunika masikio, skafu, na glavu zinazokubali kugusa simu. Bila hizo utavua glavu kila unapotafuta njia, na vidole vitakufa ganzi. Soksi ziwe za sufu, moja kwa mguu. Ukizirundika mbili ndani ya kiatu kinachobana, damu haipiti na miguu hupoa zaidi.

Usisahau losheni ya kukinga jua. Theluji safi huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma ngozi, na kadiri unavyopanda mlimani ndivyo miale inavyozidi. Ngozi nyeusi huungua pia. Hewa ya baridi na ya vyumba vyenye hita ni kavu sana: beba mafuta mazito ya ngozi na ya midomo, yakae mfuko wa koti.

Je, ununue koti kabla ya kuondoka? Kama ni baridi ya kweli na hutarajii kuirudia kila mwaka, azima, au linunue kulekule ambako wanayajua makoti. Lakini uwe na vya kutosha kukutoa uwanja wa ndege hadi dukani bila kutetemeka. Tabaka la kwanza lisiachwe kwa bahati, nenda nalo.

*Majira ya joto*

Watu hupunguza nguo hadi mno. Jua likiwa kali, shati pana la kitani la mikono mirefu ni baridi kuliko fulana ya kubana, kwa sababu hewa inazunguka na ngozi imefunikwa. Suruali pana nyepesi, magauni mapana, kofia yenye ukingo mpana inayokunjika begini, na miwani yenye kinga halisi ya miale.

Losheni ya jua iwe ya SPF 30 au zaidi; SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, na SPF 50 takriban 98, kwa hiyo tofauti kubwa haiko kwenye namba. Iko kwenye kupaka tena kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Soma viambato kama unakwenda kuogelea kwenye matumbawe: Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oxybenzone na octinoxate kuanzia 2021, na Palau ilitangulia mwaka 2020.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulikwepa: mapaja kuchubuka. Ukitembea kutwa na gauni kwenye joto, ngozi inasuguana hadi inawaka moto. Kaptura fupi laini za kuvaa ndani ya gauni humaliza shida hiyo, na hazichukui nafasi ya ngumi. Beba mbili. Vazi la kuogelea nalo liwe pea mbili kama utaogelea kila siku, kwani hakuna anayependa kuvaa kitu kibichi asubuhi.

Lile sweta la vifungo halitoki begini hata kwenye nyuzi 40. Nchi zenye joto kali ndizo zenye viyoyozi vikali, na saa mbili ndani ya jengo la maduka zitakutafuta. Penye mbu, nguo ndefu za jioni na dawa ya kupaka yenye DEET.

*Machipuko na mapukutiko*

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa upande wa kaskazini, ni misimu inayobadilika ndani ya siku moja: nyuzi 6 asubuhi, 18 mchana, mvua saa kumi. Chukua msingi kama ulivyo, ongeza koti moja jepesi lisilopitisha maji, sweta la pili lililo zito kidogo, taiti pea moja na buti fupi. Kwa machipuko nenda na nguo nyepesi zaidi. Kwa mapukutiko sogea upande wa baridi kila wiki inapopita. Wenye mzio wa chavua wabebe dawa zao machipuko yanapoanza.

*Msimu wa mvua*

Sehemu kubwa ya India hupata mvua za monsuni Juni hadi Septemba. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki na Karibi huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Tiketi huwa nafuu, na kuna sababu. Chukua koti jepesi la mvua na mwavuli mdogo wa kukunja: koti kwa upepo, mwavuli kwa joto, maana kutembea ndani ya plastiki kwenye unyevu ni sawa na kujipika. Nguo ziwe za kukauka haraka na ziishie juu ya kifundo cha mguu. Acha nyeupe, ikiloa inaonyesha kila kitu. Viatu viwe vya mikanda vyenye soli inayoshika. Raba za kitambaa zikiloa siku ya kwanza hazitakauka hadi unaondoka. Pasipoti na simu vikae kwenye mfuko usiopitisha maji.

*Misimu miwili katika safari moja*

Ukipita Doha mwezi Januari ukielekea Oslo, usibebe mabegi mawili kichwani. Msingi ni uleule. Ongeza vya baridi tu, na koti livae au ulishike mkononi, kwa sababu kinachovaliwa hakipimwi.

Hatua ya 5: Viatu

Jozi mbili, tatu kama unalazimika. Ya kwanza ni ya kutembea, uliyokwisha kuivaa wiki kadhaa nyumbani, maana kiatu kipya hakina urafiki. Ya pili inategemea msimu: buti zisizopitisha maji zenye soli ya meno kwa baridi, kandambili za mikanda kwa joto. Buti za baridi ziache nafasi kidogo ya soksi nene. Mchuchumio mwembamba uache. Roma, Prague na Lisbon zina mitaa ya mawe yenye mianya inayomeza kisigino. Kama kuna jioni ya heshima, kiatu bapa kizuri au chenye kisigino kinene kitakufikisha. Viatu vizito kuliko vyote vivae siku ya kusafiri.

Hatua ya 6: Mambo ya mwili wako

Hedhi haifuati kalenda safarini. Kubadilisha saa, uchovu na kukosa usingizi huweza kuiwahisha au kuichelewesha, kwa hiyo beba pedi, tamponi au kikombe hata kama hesabu inasema bado. Beba za mzunguko mzima, kwa sababu aina uliyoizoea huenda usiipate. Kuna nchi ambako tamponi ni adimu. Tamponi ibadilishwe kila saa nne hadi nane, na safari ndefu ya ndege isikufanye usahau. Kikombe cha hedhi huokoa nafasi, ila kizoee nyumbani kwanza, usijifunzie kwenye choo cha ndege. Mfuko mdogo wenye pedi mbili, chupi moja ya rangi ya giza, tishu na dawa ya maumivu ukae begi la mkononi. Dawa za kuahirisha hedhi zipo, lakini huandikwa na daktari, huanza kutumika siku kadhaa kabla ya tarehe, na haziwafai wote, hasa waliowahi kuganda damu. Muone mapema.

Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango waviweke begi la mkononi, vikiwa kwenye pakiti yake. Baadhi ya vidonge vya homoni moja havivumilii kuchelewa zaidi ya saa tatu, kwa hiyo weka kengele ya simu kwa saa za nyumbani na umuulize mfamasia utahamaje.

Kwa safari za zaidi ya saa nne, soksi za kubana mashavu ya miguu hupunguza uvimbe na hatari ya damu kuganda. Wajawazito na wenye historia ya tatizo hilo wazungumze na daktari kabla. Mjamzito asome masharti ya shirika: mengi huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayapokei mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36.

Nywele zipangie msimu pia. Msuko unaodumu wiki mbili huondoa begini mafuta, chanuo, pasi na nusu ya asubuhi. Kwa baridi, kofia ya sufu hunyonya unyevu na kukata nywele pembeni, kwa hiyo ishonee bitana la hariri au satini ndani, au vaa kilemba chembamba chini yake. Kwa joto na maji ya chumvi, beba mafuta mazuri na kofia ya kulalia. Wanaovaa hijabu wachukue vitambaa vinavyopitisha hewa kwa joto na vya jezi au sufu nyembamba kwa baridi, na pini chache za akiba. Kwenye ukaguzi una haki ya kuomba afisa wa kike na chumba cha faragha; omba kwa sauti ya kawaida, wamezoea.

Hatua ya 7: Stara na sheria za mavazi

Kwenye Basilika ya Mtakatifu Petro, Vatikani, mabega na magoti yafunikwe hata jua la Agosti liwe vipi. Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, unataka mwanamke afunikwe nywele, mikono na miguu. Hekalu la Wat Phra Kaew, Bangkok, halikubali kaptura wala mikono wazi. Suruali ndefu isiyobana, blauzi ya mikono mirefu na ule mtandio vinakuingiza kote huko. Iran, kufunika kichwa ni sheria ya nchi kwa wageni pia. Na kitu kisichotarajiwa: Jamaika na Barbados, raia au mgeni haruhusiwi kuvaa nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata begi la mtindo huo.

Hatua ya 8: Vipodozi, dawa na umeme

Sheria ya vimiminika, iliyoanza 2006, bado inatumika viwanja vingi: chupa isizidi mililita 100, zote ziingie mfuko mmoja wazi wa lita moja. Chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu hairuhusiwi. Wanasoma ukubwa wa chupa. Maskara, rangi ya midomo ya maji, krimu na dawa ya meno vyote vinahesabiwa. Viwanja vyenye mitambo mipya vimelegeza, lakini wa kurudia au wa kubadilishia ndege huenda haujalegeza. Sabuni na shampuu za kipande huondoa tatizo lote. Kwa uso, vitu vitano vinatosha: cha kuoshea, cha kulainisha, losheni ya jua, rangi moja ya mdomo, wanja.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Hili si la mzaha: Umoja wa Falme za Kiarabu hudhibiti dawa za maumivu kama codeine na tramadol, na Japani hairuhusu dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10, wala amfetamini hata ukiwa na cheti.

Pawabanki huingia ndani ya ndege nawe, kamwe haipakiwi chini, na kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Ile iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, iko salama. Kabla ya kubeba kikaushio au pasi ya nywele, soma kibandiko chake. Kikisema 100–240V, adapta inatosha. Kikisema 220–240V tu, Marekani na Japani hakitapata moto wa kutosha, na kile cha 110V kikiingia kwenye umeme wa Ulaya kitaungua. Uingereza ni plagi ya meno matatu bapa. Sehemu kubwa ya Ulaya bara ni mawili ya mviringo.

Hatua ya 9: Hati

Jina la tiketi lilingane herufi kwa herufi na la pasipoti. Walioolewa karibuni, hapa ndipo mnapokwama. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye miezi sita mbele. Eneo la Schengen hutaka miezi mitatu baada ya kutoka, na waombaji viza huhitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa baada ya siku 10, na tangu 2016 kadi yake ni ya maisha. Ukisafiri na mtoto bila baba yake, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini. Dhahabu ya urithi ibaki nyumbani.

Hatua ya 10: Kufunga lenyewe

Viatu kwanza, upande wa magurudumu, vikiwa vimejazwa soksi na kuvishwa mfuko. Suruali na sweta zikunjwe bapa chini. Fulana na magauni mepesi yaviringishwe, yasimame pembeni. Sidiria zipangwe moja ndani ya nyingine, chupi zijaze vikombe vyake visibonyee. Mifuko ya kunyonya hewa hupunguza unene, uzito haipunguzi hata gramu. Wengi hugundua hilo kwenye kaunta. Vya maji vifungwe kwenye plastiki mbili na vikae katikati ya nguo, mbali na zipu.

Begi la mkononi libebe vya kukutosha siku mbili bila lile kubwa: seti moja ya nguo, chupi mbili, mswaki, dawa, mfuko wa hedhi, chaja, hati, mtandio, na kadi ya pili ya benki iliyokaa mbali na ya kwanza. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20, kwa hiyo vaa miwani badala ya lenzi na ukae karibu na mafuta ya midomo.

Usiku wa mwisho, pima kwa mzani wa kuning'iniza. Likizidi, ondoa jozi ya tatu ya viatu kabla ya kugusa kingine chochote. Piga picha begi likiwa wazi na likiwa limefungwa, weka karatasi yenye jina na namba ya simu ndani yake. Vile utakavyovitumia asubuhi, yaani chaja, miwani, mswaki, kofia ya kulalia, viandike kwenye karatasi na uibandike kwenye kitasa cha mlango.